Mashini haipandi ngazi



Tangu watu waanze kurudi kwenye mashamba ya upande wa Oicha, Mbau, Mangina na Mutwanga, swali moja linarudi katika mikutano yetu: pesa zikipatikana, tununue mashini ya kuvuna, ama tubaki na kazi ya mkono? Wengine wanasema mkono umetuchosha. Wengine wanaogopa kwamba mashini italeta njaa kwa vijana wanaoishi kwa kukata ngazi. Wafadhili nao wanauliza: mnataka mashini gani, na itafanya nini hasa? Mbele ya kujibu, tumeona vizuri kuangalia historia kwanza, juu swali hili si jipya. Limeulizwa katika Congo yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jibu la wakati ule liliumiza watu wengi.

Kwa wasomaji wasio wa huku: tunaposema ngazi hatusemi ile ya kupandia nyumba. Ngazi kwetu ni mti na tunda lake, lile linalotoa mafuta mekundu. Ndugu zetu wa Kigoma wanauita mchikichi, na mafuta yake wanayaita mawese. Butembo iko juu sana na kuna baridi, mti huu haupendi kule. Unapenda mabonde na misitu ya teritwari ya Beni, kule chini kwenye joto. Kwa hiyo Beni inakata na kukamua, na Butembo inanunua na kuuza.

Mti unaomngoja mwenyewe

Aliyekimbia akaacha karanga shambani, akirudi kisha mwaka mmoja hakuti kitu. Lakini aliyeacha ngazi anakuta ngazi. Mti huu unamngoja mwenyewe. Ndiyo sababu familia nyingi zilizokimbia mauaji yaliyoanza kuzunguka Beni mwezi wa kumi 2014, halafu zikapitia Ebola ya 2018 hadi 2020, bado zinahesabu miti yao sawa akiba ya benki.

Shida ni kwamba mti ukingoja, unarefuka. Ngazi inaweza kuongezeka sentimeta 30 hadi 60 kwa mwaka. Aliyekaa Butembo ama Beni mjini miaka mitano, anaukuta mti wake umepanda mita moja na nusu hadi tatu zaidi ya alivyouacha. Makuti makavu yananing'inia, nyigu wamejenga, nyoka wamejificha kwenye majani yaliyoota shinani mwa makuti. Zamani kichala kilishushwa na mtu aliyesimama chini na panga. Leo anatakiwa mpandaji mwenye mkanda.

Na kazi yenyewe haingoji. Ngazi zikianza kuanguka chini zenyewe, kichala kimeiva. Anayechunga shamba vizuri anapita kila siku kumi hadi kumi na nne. Kichala kikikatwa, matunda yaliyopondeka yanaanza kuharibika palepale, asidi inapanda ndani ya mafuta, na kisha siku moja ama mbili mafuta yanakuwa makali na bei inashuka. Kwa hiyo kuvuna ngazi ni kazi tatu: kukata juu, kuokota na kubeba chini, kupika na kukamua haraka. Tutazame sasa mashini imeingia wapi katika hizo tatu.

Leverville: kiwanda kilikuwa haraka, mpandaji alilazimishwa

Twende kwanza magharibi ya nchi, mbali na kwetu. Tarehe 14 Aprili 1911, Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, alisaini mapatano na serikali ya Ubelgiji. Alipewa maeneo matano ya mviringo, kila moja lenye nusu kipenyo cha kilometa 60: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Ndani yake angeweza kupata hadi hekta 750,000 za ngazi za asili. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge. Lusanga, kule Kwilu, iligeuzwa jina ikaitwa Leverville.

Lever alileta viwanda vya kukamua kwa nguvu ya mvuke, vinavyopika na kukamua kwa masaa yale ambayo wamama wa kijiji walifanya kwa siku nyingi. Kwa upande wa kukamua, ile ilikuwa maendeleo ya kweli. Lakini kiwanda kikubwa kina tumbo kubwa, kila asubuhi kinataka kujazwa, na hakuna mashini iliyoweza kupanda mti. Zile ngazi zilikuwa za msituni, ndefu, zimetawanyika. Kila kichala kilishushwa na mwanaume aliyefunga mkanda kiunoni na kupanda na panga lake.

Watu hawakukimbilia ile kazi. Malipo yalikuwa madogo, na hatari ilikuwa kubwa. Basi serikali ikasaidia kampuni: kodi ya kichwa iliyotakiwa kulipwa kwa pesa, machifu waliosukumwa kutoa vijana, maafisa waliopita vijijini kuandikisha kwa nguvu. Bei ya mafuta ilipoanguka duniani mwaka 1930, malipo ya wakataji yalishushwa lakini kodi ilibaki. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu wakaasi. Mwezi wa sita afisa Mbelgiji Maximilien Balot aliuawa, na jeshi la Force publique likajibu kwa kuua Wapende zaidi ya 500.

Tunakumbusha habari hii juu ina fundisho la kazi ndani yake. Kampuni ilinunua mashini kwa sehemu moja ya kazi, na sehemu nyingine ikabaki kwa mwili wa mtu. Mashini ilipoongeza mwendo, mtu alisukumwa aufuate. Hakuna aliyeuliza mbele: yule anayepanda atapata nini, na ataweza kupanda mara ngapi kwa siku?

Kwetu Beni hakukuwa na Leverville, lakini mzigo wa kazi ya lazima wazee wetu waliujua. Tangu 1917 wakulima wa Congo waliamriwa kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali. Wakati wa vita vya pili vya dunia, siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mtu akisikia leo mzee anasita tunapotaja "mradi mkubwa wa mazao", asifikiri mzee haelewi. Anakumbuka alichosimuliwa na baba yake.

Yangambi: walibadilisha mti

Jibu la pili lilitoka pia Congo, na hili tunaweza kujivunia. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na makao yake makubwa yakawa Yangambi, kwenye mto Congo, chini ya Kisangani. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 namna aina za ngazi zinavyozaliana. Kuna dura, yenye gome nene ndani na nyama kidogo. Kuna pisifera, isiyo na gome, ila kwa kawaida haizai vizuri. Ukizichanganya hizo mbili unapata tenera: gome jembamba, nyama mingi, mafuta mingi.

Maana yake kwa mkataji ni kubwa. Anapanda mara moja, anashusha kichala kimoja, lakini mafuta yanayotoka ni mengi kuliko ya dura. Na mti uliopandwa kwa mistari unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu ama wa nne ukiwa bado mfupi, unavunwa na mtu aliyesimama chini. Ujuzi huu wa Yangambi ulienda hadi Asia, na leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia ni ya tenera.

Sisi tuliobaki na Yangambi yenyewe, historia ilitupeleka pengine. Kwenye miaka ya 1950 Congo ilikuwa kati ya nchi za mbele duniani kwa kuuza mafuta ya ngazi nje. Halafu yakaja matatizo ya kisha uhuru, na tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation. Mashamba na biashara za wageni zikagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua hata mashini inawashwa namna gani. Piyesi zikakosekana, viwanda vingi vikafa. Leo nchi hii inanunua mafuta ya ngazi kutoka nje. Kilichobaki hai vijijini ni mkono: panga, mkanda, pipa la kupikia, kinu, na mashini ndogo ya kuzungusha. Mashini kubwa ilikufa pamoja na barabara na piyesi zake. Ujuzi wa mkono haukufa, ulipita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Hata Malaysia wanakata kwa mkono

Wengine watasema: hayo ni ya zamani, leo teknolojia imeenda mbali. Imeenda, ndiyo. Lakini nenda Malaysia, nchi tajiri yenye karibu hekta milioni sita za ngazi, utakuta vichala vingi bado vinakatwa na mtu mwenye patasi kwa miti mifupi, ama mundu uliofungwa kwenye mti mrefu kwa miti ya juu. Wataalamu wao wametengeneza kikata cha mota kinachoitwa Cantas: mundu unaochezeshwa na injini ndogo ya esansi. Kwenye miti mifupi kinafanya kazi haraka kuliko mkono. Mti ukirefuka, fimbo inakuwa nzito, mikono inatetemeka, na faida inapungua.

Ushahidi mkubwa ulikuja na Covid. Mwaka 2020 Malaysia ilifunga mipaka, na wafanyakazi wa kigeni, wengi wao kutoka Indonesia, hawakuweza kuingia. Ngazi zikaoza kwenye miti. Nchi iliyotoa karibu tani milioni 19.9 za mafuta mwaka 2019, ilitoa tani milioni 18.1 mwaka 2021. Viwanda vilikuwepo, magari yalikuwepo, barabara za lami zilikuwepo. Waliokosekana ni wakataji.

Jambo lingine wengi hatulijui: kwenye mashamba makubwa ngazi inaangushwa na kupandwa upya kwenye mwaka wa 25 hivi, hata kama bado inazaa. Sababu moja kubwa ni urefu. Mti umepita mahali mundu unapofika, basi unaondolewa. Hata jirani zetu wa Uganda, kwenye visiwa vya Kalangala ambako mashamba makubwa ya ngazi yalianza kupandwa miaka ya 2000, kiwanda ni cha kisasa na mkataji ni mtu na mundu wake.

Na karanga je?

Wanachama wengine hawana ngazi, wana karanga, na karanga nazo ni mazao ya mafuta. Hapo mashini ya kuvuna ipo kweli. Huko Marekani, mashini moja inachimba mmea na kuugeuza mizizi juu ukauke, kisha nyingine inapita kutenganisha karanga na majani. Inafanya kazi vizuri kwenye mchanga laini, shamba tambarare lisilo na visiki.

Lakini Afrika ya Mashariki ina somo lake. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alipeleka kwa serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashini. Ile kampuni ilikuwa mali ya Unilever, wenyewe walewale waliomiliki pia Huileries du Congo Belge. Mpango ulikuwa eka 3,210,000, kwa paundi milioni 25. Walianza Kongwa mwaka 1947 na matrakta yaliyotumika vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa trakta. Mibuyu na mizizi ikavunja vyuma. Halafu ikaja siku ya kuvuna: udongo wa Kongwa, jua likiupiga, unakuwa mgumu sawa tofali, na karanga ziko ndani yake. Mashini zilishindwa kuzitoa. Mwezi wa kwanza 1951 serikali ilitangaza mwisho wa mradi, na hasara ikahesabiwa paundi milioni 36 hivi.

Mkulima wa Ugogo alijua udongo wake, na mama wa Mangina naye anajua wake: karanga inang'olewa kisha mvua, ardhi ikiwa imelainika. Mashini ya Kongwa haikuwa mbaya yenyewe. Ilitengenezwa kwa ardhi nyingine, na watu wa pale hawakuulizwa.

Tulinganishe sasa kwa macho ya hapa

Kwa hesabu ya ofisi, mkono na mashini vinalinganishwa kwa kilo na kwa saa. Kwetu kuna kipimo kingine: muda ambao mtu anakaa ndani ya shamba, na namna anavyoweza kutoka. Wakulima wengi wa Beni waliuawa ama kutekwa wakiwa kwenye kazi. Mtu aliye juu ya mti hawezi kukimbia. Kwa hiyo kifaa kinachomfanya akate akiwa chini, hata kama hakiongezi kilo moja, kina thamani.

Kikata cha mota kinampa hiyo nafasi ya kusimama chini, ila kinapiga kelele. Anayekitumia hasikii anayekuja, na anayetaka kuiba anajua kazi iko wapi. Kinataka esansi, mekanisyen, na piyesi ambazo hazipatikani Oicha. Mundu kwenye fimbo ndefu hauna kelele, mfua vyuma wa mtaani anaweza kuunoa na kuurekebisha, na mkataji anasimama chini kama miti haijapita kipimo. Udhaifu wake ni kwamba unataka kufundishwa. Kichala cha kilo 20 kikianguka vibaya kinaua mtu.

Kuna pia kazi inayosahaulika: kuokota ngazi zilizotawanyika chini. Hii ni ya wamama na watoto, na inakula masaa mengi kuliko kukata. Mkataji akimaliza ameenda kupumzika, mama bado ameinama. Kitambaa kikubwa ama turubai likitandikwa chini ya mti mbele ya kukata, masaa hayo yanapungua sana. Turubai halihitaji esansi.

Tunachopendekeza

Kwanza, pesa za mwanzo ziende kwenye mikanda mizuri ya kupandia, miundu na fimbo zake, kofia ngumu, buti na maturubai. Pamoja na hivyo, siku za salongo za kusafisha miti iliyoachwa: kikundi kinaingia pamoja, kinafanya kazi kwa zamu, kinatoka pamoja mapema. Miti iliyopita kipimo, mwenyewe akubali, iangushwe kidogo kidogo na kupandwa upya.

Pili, mashini tutakayonunua iwe ya kukamua, na iwekwe karibu na makao ya watu. Hapo mashini imeonyesha faida yake kwa miaka 100, na hapo ngazi haziozi njiani zikingoja moto ama chukudu ya kuzifikisha mbali. Iwe ndogo, inayotengenezwa ama kurekebishwa Butembo.

Tatu, kitalu, ile tunayoita pepinyeri, cha tenera ya kweli. Tuambizane wazi: mbegu iliyookotwa chini ya tenera haitoi tenera tupu. Tenera ikizaliana na tenera, karibu robo inarudi kuwa dura, nusu inakuwa tenera, na robo inakuwa pisifera isiyofaa. Anayeuza miche ya kuokota njiani anakuuzia miaka minne ya kungoja bure. Kigoma, kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha tenera kwa ajili ya wakulima. Hapa Congo ndipo ujuzi huo ulipozaliwa, hatuna sababu ya kuukosa.

Nne, na hili ndilo tunaloomba lisipitwe na mkutano: kabla mashini ya kukamua haijawashwa siku ya kwanza, sehemu ya mkataji na sehemu ya muokotaji iandikwe. Wengine wanalipwa franka, wengine wanalipwa mafuta kwa bidoni, haidhuru. Ila mashini ikiongeza mapipa, malipo ya anayepanda na anayeinama yaongezeke nayo. Ikishindikana kuandika hilo, afadhali mashini ibaki kwa muuzaji.

Wafadhili wetu, tunajua picha ya mashini mpya ni nzuri kwenye ripoti kuliko picha ya turubai na mkanda. Hatukatai mashini. Tunaomba tu mtuulize kila mara swali ambalo Leverville haikuuliza: nani anapanda, na akishuka anapata nini? Wanachama, mkutano ujao mje na hesabu ya miti yenu: mingapi mnafikia mkiwa chini, mingapi kwa fimbo, mingapi kwa mkanda tu. Kutoka kwenye hesabu hiyo ndiyo tutajua tununue nini.